Farasi Asiyeingia Bila Hodi

Veneranda hakuzaliwa kwenye farasi. Kwao Kamachumu, mkoani Kagera, farasi alikuwa mnyama wa kwenye kalenda ya kanisa, amepandwa na mtakatifu mwenye mkuki, basi. Yeye alijua ng'ombe, na ng'ombe ndio waliomleta Sweden. Alikuja kusomea mifugo kwa mwaka mmoja, mwaka ukazaa mwaka, akapata mtoto, halafu babake mtoto, Vedasto, akarudi Bukoba "kuweka mambo sawa". Yakawa sawa kwelikweli, maana alioa huko huko. Veneranda akabaki Bredäng, ghorofa ya sita, na binti yake Rebecka, na kazi aliyoipata ilikuwa kuzoa mavi kwenye zizi la farasi wa mbio huko Bro, upande wa pili kabisa wa Stockholm. Ukitaka kujua umbali wake, panda treni ya chini ya ardhi ya njia nyekundu, usinzie, uamke katikati ya mji, upande treni nyingine, usinzie tena.

"Mavi ni mavi tu," alimwambia jirani yake Ziada. "Tena ya ng'ombe yananuka zaidi."

Ziada ni mwanamke wa Tanga, mlango wake unatazamana na wa Veneranda, na mdomo wake hauna breki. Anapika kwenye jiko la shule ya watoto wadogo. Yeye ndiye aliyemlea Rebecka nusu kwa nusu na mama yake, na ile nusu yake ikawa inaongezeka kila mwaka, kwa sababu ya farasi mmoja tu. Ngoja nikueleze huyo farasi.

Jina lake Granit, ndilo lile jiwe gumu lililolala chini ya mji huu mzima. Veneranda akamwita Graniti, maana ulimi wetu sisi haupendi neno lifie njiani bila irabu. Farasi dume wa damu safi, rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji, kifua kipana, miguu mirefu mpaka unajiuliza ataikunjaje akilala. Alipofika zizini kwa Mikael hakuwa amefikisha hata miaka miwili, na tayari alikuwa amemng'ata kila mtu. Mikael ndiye mwenye zizi na ndiye mkufunzi, ila farasi wenyewe ni mali ya watu wengine. Mswedi mrefu, mpole mpaka anaudhi.

Sasa, wale watunza farasi wengine walikuwa wakifika kwenye banda la Graniti wanavuta komeo wanaingia. Anawageukia na meno. Veneranda yeye hakuweza kufanya hivyo. Si kwamba alikuwa na ujuzi wowote wa ajabu, hapana, usije ukamtungia. Alishindwa tu. Mtu aliyefunzwa tangu utotoni kwamba nyumba ya watu haiingiwi hivi hivi, mkono wake unakataa kusukuma mlango, hata kama mwenye mlango ana kwato. Basi kila asubuhi akasimama nje ya banda. "Hodi!" Anangoja. "Hodi!" Anangoja. "Hodi, mwenyewe!" Graniti akigeuka akaleta kichwa, anasema "asante, baba" anaingia. Akimwachia mgongo, Veneranda anakwenda zake kusafisha banda jingine, anarudi baadaye. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

"Mama Vene," alimtania Félix, Mkongo wa Bukavu waliyekuwa wakifanya naye kazi, "huyu farasi eko bwana yako ao eko nini?"

"Bwana angekuwa na adabu hivi ningekuwa bado nimeolewa," akajibu Veneranda.

Mbio za kwanza za Graniti zilikuwa kichekesho. Kwa asiyejua: farasi wa mbio hawachorewi mstari chini wakaanzia hapo. Wanaingizwa kwenye vizimba vya chuma vilivyopangwa bega kwa bega, kila mmoja na chake, vyembamba hata shingo haigeuki, na nyuma panafungwa. Mwanzishaji akibonyeza, milango ya mbele inafunguka yote kwa mpigo na wao wanachomoka. Siku hiyo wote walikuwa wameshaingia. Graniti akakifikia kizimba chake, akanusa, akakita miguu chini. Wanaume wanne wakampitishia mkanda nyuma ya mapaja wakaanza kumsukuma. Wapi! Jukwaani watu wameanza kucheka. Mikael amekuwa mwekundu. Veneranda ndiye aliyeshika kamba, na damu ikamchemka.

"Nyie!" akafoka kwa Kiswahili, wala hakujua kama ni Kiswahili. "Mnamsukuma mtu kwenye nyumba ya watu bila hodi? Mmelelewa wapi?"

Akasogea mpaka kwenye kile kizimba kitupu, akasimama kama anayesimama kwenye mlango wa jirani. "Hodi!" Graniti akasimamisha masikio. "Hodi!" Wale wanaume wakaachia mkanda, wakidhani mama amerukwa na akili. "Hodi, wenyewe!" Na kwa kuwa hapakuwa na wa kuitikia, akajiitikia mwenyewe, kwa sauti nene ya mwenye nyumba: "Karibuni! Piteni ndani!"

Graniti akaingia, tena kwa mwendo wa mgeni aliyekaribishwa.

Siku ile alimaliza wa pili. Mbio zilizofuata akashinda, na zilizofuata tena. Akiwa na miaka mitatu wakampeleka kusini, Malmö, kwenye Derby, mbio ambazo farasi anaruhusiwa kuzikimbia mwaka mmoja tu wa maisha yake. Alikaa nyuma ya kundi mpaka kona ya mwisho, halafu mpandaji akamlegezea hatamu. Hakumchapa hata mara moja. Akawapita wale wengine kama watu wanaongoja basi. Mwaka wa pili yake akashinda Copenhagen, akashinda Oslo, akarudi nyumbani Bro akachukua kombe kubwa la Septemba mvua ikinyesha, matope mpaka kwenye masikio. Hakuna Mswahili wa Stockholm aliyebaki bila kumjua. Kule sokoni Skärholmen hata wasiojua farasi ana miguu mingapi walikuwa wanabishana juu ya Graniti kwenye foleni ya samaki.

Na kila mbio zikianza, uwanja mzima unanyamaza kumngojea mama mfupi mwenye buti za mpira. "Hodi!" anaita. Waswedi jukwaani, wazee na makofia yao, watoto na soseji mkononi, wanaitikia wote: "Hodiii!" Mpaka mtangazaji kwenye kipaza sauti alilijua neno. Veneranda alipigwa picha, akaandikwa gazetini. Tusidanganyane, sifa ni tamu. Alikuwa akitembea kichwa juu. Miaka yote ile nchini watu walikuwa hawamwoni hata akiwakanyaga, leo wanamsimamisha stesheni wanamwambia hodi. Alimpenda yule mnyama, na alipenda kuwa mtu ambaye bila yeye mambo hayaendi.

Lakini hilo la pili ndilo lililomfunga. Ilianza Novemba moja, alipolala na homa ya kutetemeka, hawezi kunyanyua hata kikombe. Kulikuwa na mbio ndogo tu. Félix akasimama mbele ya kizimba akaita hodi, na aliita vizuri tu masikini. Graniti akamtazama, akaanza kumtafuta Veneranda kwa macho, huku na huku. Wakaleta sauti ya Veneranda kwenye simu. Ndio wakaharibu kabisa! Mnyama anasikia mtu wake na hamwoni. Akasimama wima kwa miguu ya nyuma, akajigonga paji la uso kwenye chuma, damu ikatapakaa, na mfanyakazi mmoja wa vizimba akavunjika mkono.

Jioni Mikael akapiga simu. "Hakuna anayekulaumu, Veneranda," akasema kwa upole.

Hapo ndipo alipojua kwamba analaumiwa. Kuanzia siku hiyo hakuugua tena, yaani aliugua akiwa kazini. Likizo ya kwenda Kamachumu aliahirisha, kisha akaahirisha tena, mpaka mama yake mzazi akaacha kuuliza anakuja lini, akawa anauliza farasi hajambo. Siku ya kipaimara cha Rebecka ilikuwa siku ya mbio za Oslo. Ziada akaenda, Mwislamu wa watu, akakaa kanisani benchi la mbele na ushungi wake. Fainali ya mpira ya timu ya Rebecka, Ziada akaenda. Mkutano wa wazazi, Ziada, na mwalimu akamwita mama Rebecka wala yeye hakumsahihisha.

Rebecka mwenyewe hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu. Alikuwa akiambiwa "mwanangu, kuna mbio," anajibu kwa Kiswedi, kama alivyozoea kujibu kila kitu, "Okej, mamma," anarudi chumbani kwake. Zamani alikuwa anauliza "na mbio zinazofuata je, ni lini?" Baadaye hata hilo akaacha. Asubuhi Veneranda anapiga brashi ule mgongo wa majivu, anamtazama Graniti kwenye jicho lake kubwa jeusi, na moyo wake unakuwa mzito. Yeye na huyu hawakuwa na tofauti. Wote wawili wanatolewa kwenye chumba chembamba wanakimbia, wanasifiwa, wanarudishwa.

Sasa ikafika Juni, na Juni hiyo Rebecka alikuwa anamaliza sekondari. Mji huu mtoto akimaliza ana siku yake, wanaiita studenten. Watoto wanavaa nguo nyeupe na kofia nyeupe, wanakusanyika ndani ya shule, milango inafunguliwa, wanatoka mbio wakipiga mayowe mpaka sauti zinakauka. Nje wazazi wanangoja wameinua mabango yenye picha ya mtoto alipokuwa mchanga, na mtoto anatafuta bango lake kwenye msitu wa mabango. Anavishwa maua shingoni, analia, mama analia. Ni mara moja tu. Mzazi aliyekosa siku hiyo, watoto wa Stockholm wanamzungumza kwa sauti ya chini.

"Hii nitakuwepo," Veneranda alimwambia Rebecka wakila. "Hata mbingu zianguke. Nimekosa mengine yote, hili silikosi. Umenisikia?"

"Ja, ja, mamma," akasema Rebecka, macho kwenye simu.

Lile "ja, ja", ndiyo ya mtu asiyeamini, lilimchoma. Kesho yake alipofika zizini hakungoja hata kuvua koti. Alimkuta Mikael akipima shayiri akamwambia siku fulani sitakuja, mtoto anamaliza shule. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema sitakuja, na aliitamka haraka haraka kabla haijamkimbia.

Mikael akaweka ndoo chini. Akakaa juu ya robota la majani makavu, akashika kichwa. Akaeleza kwamba siku hiyo hiyo, adhuhuri, kuna mbio zitakazoonyeshwa mpaka Ufaransa, na wanunuzi wa Ireland wanakuja kumwona Graniti kwa macho yao. Mwenye farasi anataka kuuza. Asipoingia kizimbani mbele ya wageni wale, basi, hakuna anayenunua farasi mkorofi, na zizi hili dogo lilikuwa linasimama juu ya miguu ya Graniti.

"Nakuelewa kabisa," akasema. "Mtoto ni mtoto. Lakini mbio ni saa sita, na shule inafungua milango saa nane. Utamwingiza tu, halafu teksi itakuwa inakungoja getini, naiita mwenyewe. Utawahi. Snälla, Veneranda."

Hilo neno snälla maana yake ni tafadhali, lakini wanavyolitamka wao, kwa kulegeza sauti, ni kama mtu anakushika pindo la nguo. Veneranda alisimama pale na koti lake. Akasema, "Haya."

"Haya?" Ziada alishika kiuno jioni hiyo. "Umemwambia haya? Ala!"

"Angenifokea ningeshatoka zamani, Ziada. Mtu akikupigia kelele nawe unampigia. Huyu ananiomba, macho yamelowa. Ningemfanya nini?"

"Ungemwambia la. Herufi mbili, shoga yangu. Hata mtoto wa chekechea anaziweza."

"Nitawahi. Wewe tangulia na bango, ushike nafasi ya mbele. Nitakukuta pale pale."

"Hayo nishayasikia," Ziada akasema, lakini bango akalichukua.

Siku ikafika, jua kali, bendera zinapepea, harufu ya majani yaliyokatwa. Veneranda aliliweka gauni lake jipya kwenye mfuko, alivae ndani ya teksi. Asubuhi alimbusu Rebecka akiwa bado na usingizi, akamwambia "saa nane," na Rebecka akaitikia kwa kichwa kwenye mto. Adhuhuri akaita hodi zake tatu, uwanja ukaitikia, akasema karibuni, Graniti akaingia bila tatizo. Veneranda akapumua. Akaanza kutembea kuelekea getini, tena kwa haraka, akisikia nyuma yake vizimba vinafungwa.

Kikasikika kishindo. Farasi wa kizimba cha mwisho, dume jekundu lililokuwa likitoka povu tangu mwanzo, lilikuwa limejirusha mbele likavunja mlango, limemwangusha mpandaji wake na kukata mbuga peke yake. Mpandaji hanyanyuki. Ikabidi farasi wote watolewe nje kwa nyuma mpaka daktari aje, gari la wagonjwa liingie, mlango utengenezwe.

"Veneranda!" Félix anapunga mkono. "Rudi, mama, anarukaruka!"

Akarudi. Angefanyaje? Graniti alipomwona akatulia. Veneranda akashika kamba, akaanza kumzungusha taratibu kwenye majani, mduara baada ya mduara, na kila akigeukia jukwaa anaiona ile saa kubwa. Saa sita na nusu. Gari la wagonjwa likaondoka. Saa saba kasoro. Fundi bado yumo chini ya mlango na spana yake. Jasho linamtoka Veneranda kuliko farasi. Moyoni anaiona ile milango mingine, ya shule, na watoto wenye nguo nyeupe wamejipanga nyuma yake.

Ndipo Mikael akaja, ameongozana na mzee wa Ireland mwenye kofia ya sufu. Uso wa Mikael umeng'aa kama wa mtoto wa sikukuu.

"Wamekubali!" akasema. "Wakimwona anaingia tena hivi na kukimbia, wanamchukua. Atakimbia kwao msimu mmoja kabla hawajamweka kuzalisha. Na wanakutaka na wewe."

"Wananitaka mimi?"

"Lazima. Farasi na hodi yake, pamoja. Ni miezi michache tu, na Rebecka sasa ni mtu mzima. Usinijibu leo. Fikiria. Snälla."

Yule mzee hakujua Kiswedi. Akatabasamu, akampigapiga Graniti shingoni kwa kiganja, pa, pa, pa. Kisha akampigapiga Veneranda begani, kwa kiganja kile kile, pa, pa, pa. Hakuwa na nia mbaya. Ila Veneranda alihisi kitu kinakatika ndani yake, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata alipokuwa anazoa mavi.

Wakaitwa. Farasi wakaanza kuingizwa upya, mmoja mmoja, na Graniti akaachwa wa mwisho kama kawaida. Saa saba imepita. Uwanja ukanyamaza.

"Hodi!" akaita Veneranda, na sauti ilimtoka ya kukwaruza.

"Hodiii!" wakaitikia jukwaani.

"Hodi!"

"Hodiii!"

"Hodi, wenyewe!"

Wakaitikia, wakanyamaza, wakangoja lile karibuni. Graniti naye anangoja, masikio yamesimama, mguu mmoja wa mbele umeshanyanyuliwa tayari. Angeingia tu. Veneranda alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Neno moja tu, na yule mnyama aliyemwamini ataingia kwenye kizimba, atashinda, atauzwa, na yeye atafungwa kwenye mzigo ule ule pamoja na tandiko na blanketi. Akafumbua mdomo, neno likafika kwenye ulimi. Akalimeza.

Mguu wa Graniti bado uko hewani.

"Hawapo, baba," akamwambia Graniti polepole, karibu na sikio. "Tumebisha hodi tatu, wenyewe hawapo. Turudi."

Na Graniti, ambaye adabu zote alifundishwa na mama huyu huyu, akateremsha mguu, akageuka.

Félix akaja mbio. Veneranda akamwekea kamba mkononi. "Mshike."

"Mama Vene! Unajua unafanya nini?"

"Najua."

"Amesema nini?" Mikael anauliza, mweupe kama karatasi. "Félix, amemwambia nini?"

Félix, mwenye Kiswahili chake, alikuwa amesikia yote. "Anasema benyewe habako," akajibu, halafu akakumbuka Kiswedi. "Anasema hakuna mtu nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Félix akainua mabega. Wanaume wa vizimba wakaleta mkanda wao. Veneranda alikuwa ameshaanza kutembea, hakugeuka, maana angegeuka asingefika. Mikael akamwita jina lake, halafu akaita "snälla", na yeye akazidisha hatua. Nyuma Graniti alilia, mara moja, sauti ndefu ya kumwita. Alijua amemfanyia mnyama yule khiana. Hakuna maneno mazuri ya kulifunika hilo. Alilia machozi hadi getini, na teksi ya Mikael ilikuwa pale pale inamngoja, kama alivyoahidiwa.

Dereva alifungua madirisha yote manne kuitoa ile harufu ya zizi. Ule mfuko wenye gauni ulibaki zizini, umening'inia kwenye msumari. Barabarani magari ya kubeba watoto waliokwisha maliza shule yalikuwa yameanza kuzunguka, malori yamepambwa matawi, muziki, watoto wanarusha bia hewani, na kila lori Veneranda analitazama kwa hofu asije akamwona wake. "Kimbiza, mwanangu," anamwambia dereva, "kimbiza," na dereva, kijana wa Kisomali aliyezaliwa hapa hapa mjini, Akalla, akaona yale machozi na zile buti, akakimbiza.

Alishuka mlango wa shule ukiwa bado umefungwa. Amewahi! Akasema asante Mungu kwa Kihaya. Uwanja umejaa watu mpaka kwenye majani, mabango juu ya mabango, na mbele kabisa, kwenye kamba, akaliona la kwao: Rebecka wa miezi sita, mashavu kama maandazi, limeshikwa na Ziada ndani ya gauni lake la kijani la Idi. Veneranda akaanza kupenya. Watu wakampisha wenyewe, kwa ile harufu.

Muziki ukalia, milango ikafunguka, na wale watoto wakatoka. Walitoka kwa kelele za kupasua masikio, kofia nyeupe zinarukaruka, wanasimama kwenye ngazi, wanakinga macho na jua, wanatafuta, huku na huku, bango liko wapi, mama yuko wapi, kisha wanaona na wanaruka. Veneranda alimwona wake. Alikuwa mrefu, mzuri, mwenye nguo nyeupe iliyompendeza mpaka mama yake akasahau kuvuta pumzi. "Rebecka!" akaita. "Rebecka, nipo hapa!"

Rebecka hakukinga macho. Hakutafuta. Aliteremka zile ngazi akaenda moja kwa moja alikojua Ziada atakuwa amesimama, akamrukia shingoni, wakapepesuka wote wawili na bango lao. Ziada analia, anamvisha maua, anapiga vigelegele vya Kitanga, Waswedi wanageuka kutazama.

Veneranda akasimama nyuma yao. Ziada ndiye aliyemwona kwanza. Akateremsha bango, akamgusa Rebecka begani.

Rebecka akageuka. Akaziona buti zenye matope, ovaroli, macho mekundu ya mama yake. Kile kicheko kikamtoka usoni taratibu. Akavua kofia yake nyeupe. Akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, kama alivyowaona watu wazima wakifanya kwenye misiba, akasema kwa Kiswahili, kwa kutafuta kila neno:

"Pole sana, mama. Graniti amekufa?"

"Hajafa, mwanangu," Veneranda akasema. "Nimekuja kwako."

Rebecka akaitikia kwa kichwa polepole, bila kuamini, akaendelea kuushika ule mkono, akingoja aambiwe kilichotokea hasa.